Sedani ya mbio huku Marekani: soma kifuniko cha tangi kabla ya kusaini

Ukitangaza kwamba unanunua sedani ya ukubwa wa kati yenye injini kali, jamaa wote watakuuliza swali moja: inakula kiasi gani? Swali zuri, lakini linakuja mapema mno. Uliza kwanza inakunywa mafuta gani. Fungua kimlango cha tangi, soma maandishi ya kifuniko, kisha soma ukurasa wa mafuta kwenye kitabu cha gari. Muuzaji akikwambia "usijali, inakubali yoyote", soma tena.

Tatizo linaanzia kwenye namba. Pampu za huku zimeandikwa 87, 89, na 91 au 93. Hizo ni namba za okteni, ambazo nyumbani tumezoea kuzisoma kwa kipimo kiitwacho RON. Marekani huchukua wastani wa RON na kipimo kingine kiitwacho MON, hivyo namba inashuka kwa 4 au 5. 87 ya huku ni karibu RON 91 au 92, na 91 ya huku ni karibu RON 95 au 96. Binamu aliyetua juzi akiona 87 huona ni mafuta duni, akajaza 93 kwenye gari lisiloihitaji, na kila wiki anawapa wenye kituo pesa ya bure. Okteni haipimi usafi wa mafuta. Inapima jinsi petroli inavyostahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati wake. Ukitaka petroli yenye dawa za kutosha za kusafisha injini, tafuta vituo vyenye nembo ya Top Tier, na hapo hata 87 inayo.

Wenyeji nao wamo. Neno "premium", jina la mafuta ya 91 au 93, linawatia kiburi, wanalilipia bila kuuliza. Usiwaige.

Sasa shika hili: "Premium required" na "Premium recommended" si kitu kimoja. La kwanza ni amri. Ukitia 87, injini hugonga, yaani petroli hulipuka kabla ya wakati. Kihisi cha injini kitachelewesha cheche kuiokoa, lakini chini ya mzigo, kwenye mlima au siku ya joto, hakiwezi kila kitu, na pistoni zilizopasuka hazina dhamana ukishakaidi kitabu. La pili ni ushauri: gari litakwenda na 87 kwa nguvu pungufu. Mazda6 ya 2018 yenye turbo (pampu inayosukumia injini hewa zaidi) ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 250 kwa 93, na 227 kwa 87. Kwa safari ya kazini hutazihisi hizo 23. Camry yenye V6 ya farasi 301, iliyouzwa hadi toleo la 2024, hutosheka na 87, na Sonata N Line ya farasi 290 vivyo hivyo. Mbio bila premium zipo, basi.

Piga hesabu mwenyewe. Lebo ya dirishani ya gari jipya hukadiria matumizi ya mwaka kwa maili 15,000. Gari la maili 26 kwa galoni litakunywa galoni 577 hivi. Tuseme premium imezidi ya kawaida kwa senti 80 kwa galoni: hiyo ni dola 461 kwa mwaka. Linganisha na ubishi wa gari la 26 na la 28: tofauti ni galoni 41, na kwa dola 3.50 ni kama dola 144. Watu wanabishana juu ya zile 144 na kusaini zile 461. Kwa gari lililotumika hakuna lebo. Ingia fueleconomy.gov, chagua mwaka na injini, na usiangalie maili tu, angalia pia aina ya mafuta iliyotumika kupima.

Kwa wanaofikiri kwa kilomita: zidisha maili kwa galoni kwa 0.425. 26 ni kilomita 11 kwa lita. Wa Uingereza wasikuchanganye, galoni yao ni lita 4.55 na ya huku 3.785.

Anayehamia Denver na sehemu nyingine za milimani ajihadhari: huko mafuta ya "kawaida" mara nyingi ni 85. Kitabu kikisema 87 ndiyo ya chini kabisa, bonyeza 87. Hewa nyepesi hupunguza kugonga kwenye injini za kawaida, lakini turbo hurudisha ule mgandamizo. Soma namba, si jina la kitufe.

Bei nayo haina mdhibiti wa kuitangaza kama EPRA ya Kenya au EWURA ya Tanzania. Vituo viwili vinavyotazamana vinaweza kuachana kwa senti 30.

Baridi inakula mafuta: kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri hesabu pungufu ya 15% hivi mjini, na zaidi kwa safari fupi. Upepo wa tairi hushuka psi 1 kwa kila nyuzi 10 za Farenhaiti. Taa ya dashibodi huwaka upepo ukishapungua kwa robo, kwa hiyo usiisubiri. Kipimo sahihi kiko kwenye karatasi ya nguzo ya mlango wa dereva, si ubavuni mwa tairi. Tairi za inchi 19 zenye ubavu mwembamba ni ghali na hupasukia mashimoni. Kama kuna toleo la inchi 18, lichukue. Oili: fuata namba ya kitabu, na kwa turbo hakikisha kopo limeandikwa API SP, alama ya kiwango cha ubora wa oili, au kiwango kipya zaidi.

Bima ipigiwe simu kabla ya kusaini, kwa namba ya chesisi ya gari lenyewe, maana toleo la mbio na la kawaida la gari moja hayalipi sawa. Miaka yako ya udereva nyumbani mara nyingi haihesabiwi, na majimbo mengi huruhusu historia yako ya mikopo ipandishe bei. California, Hawaii na Massachusetts haziruhusu. Virginia na Connecticut wana kodi ya kila mwaka juu ya gari lenyewe, kwa thamani yake.

Na yule mjomba anayesema "ukichoka nalo lilete Mombasa"? Mwambie kwa upole kwamba usukani uko kushoto na Kenya haitalisajili.