Masomo inavuja na batoto banabanana: vile munaweza kutafuta franga ya kutengeneza na kuongeza klasi

Hii naandika juu ya bazazi ba Lubumbashi benye beko mu komite ya bazazi, ile tunaitaka COPA, ao benye banataka kuingia juu bamechoka kuona mutoto anarudi ku nyumba na kaye imelowa maji. Miye nilikuwa trezorie wa COPA ku masomo moja ya primere ku Katuba, miaka 3, na ule mwaka wa kwanza makosa karibu yote yenye iko tuliifanya, njo maana naanza na kosa.

Tuliandika barua 7. Zote zilisema kitu kimoja: masomo yetu iko mubaya, tunaomba musaada. Tukatuma ku komini, ku paroasi, kwa depite, ku makompani ya mamine, tukangojea. Hakuna hata mumoja alijibu. Nyuma ya miezi, papa mumoja wa mu biro akanivuta pembeni, akaniambia: ndugu, barua yenu haisemi bei, haisemi klasi ngapi, haisemi kiwanja ni ya nani, sasa miye niandike nini mu bajeti? Alikuwa na haki.

Kwa hiyo mbele ya kuomba, hesabieni. Kamata metre, kaye na telefone ya foto, ingia klasi moja moja na direktere eko pale. Klasi ya metre 8 kwa 6 inafanya metre kare 48. Kama munakuta batoto 96 ndani, kila mutoto eko na nusu ya metre kare, na apo haujatosha nafasi ya mwalimu na tablo. Andika vile vile, mukubwa wa biro anasikia hiyo hesabu mbio kuliko «tunabanana sana». Kama masomo inafanya mara mbili, benye kusoma asubuyi na benye kusoma mangaribi, andika hesabu zote mbili, juu mutu akipita saa ine mangaribi na kuona batoto kidogo atasema munadanganya. (Na kama hamuyaanza kusomesha mara mbili, mufikirie hiyo kwanza, ni mubaya kwa balimu na kwa batoto lakini haiombe hata mufuko moja ya sima.)

Kisha mutafute maji inatokea wapi. Hapa njo bantu banapoteza franga mingi. Nyumba za zamani, za wakati wa Union Minière na za bapadri, mara mingi ukuta wa matofari iko nguvu hata leo, kenye kimekufa ni mbao ya juu yenye muchwa imekula na misumari yenye imelegea. Entreprenere atakuambia tubomoe yote tujenge mupya, juu kule njo kwenye eko na faida. Ukuta kupasuka, angalia kwanza kama maji ya tole haianguki paka pale pale ku fondasio kila mvula, sababu ukiziba ufa bila kutosha maji, mwaka ukirudi ufa nao unarudi. Itisheni masoni mwenye hatafute kazi kwenu, mumulipe siku yake moja, aseme ukweli.

Neno moja ya hatari. Kama juu kuko zile plake za zamani za rangi ya majivu, zenye banaitaka eternite, musiite bavijana ba salongo bazivunje na nyundo. Mingi ya zile za zamani iko na amianti ndani, na vumbi yake inaharibu mapafu, ugonjwa inaweza kutokea miaka mingi nyuma. Zinatoshewa nzima nzima, zimemwagiliwa maji, bila kukatwa na bila kuvunjwa, batoto beko mu likizo, na mutu mwenye anajua hiyo kazi.

Sasa mambo ya mwenyewe wa batima, na apa musikimbie. Kuko masomo za leta zenyewe, kuko za konvansione, zile za bakatolika, baprotesta, bakimbangu, baislamu, zenye zinatembea na ile konvansio ya 1977 kati ya leta na makanisa: leta inalipa balimu, kanisa inaongoza masomo. Kama yenu ni ya konvansione, hakuna franga itaingia muzuri bila paroasi na koordinasio (biro ya kanisa yenye inaongoza masomo zake) kujua, kwa hiyo anzeni kule, musiruke kichwa cha mutu. Kuko tena nyumba zenye ni za Gécamines ao za SNCC, pale muulize kompani mbele ya kugusa tole. Na kiwanja: ombeni kuona setifika ya kuandikisha udongo (certificat d'enregistrement). Hapa Lubumbashi viwanja vya masomo vinakatwa katwa, unalala na kuamuka unakuta mutu amechimba fondasio nyuma ya choo. Mwenye kutoa franga ya klasi mupya atauliza hiyo kartasi ya kwanza, na akikosa ataenda kwingine. Kama haiko, hiyo njo kazi yenu ya kwanza, mbele ya matofari.

Franga ya bazazi benyewe. Katiba ya 2006, ku artikle 43, inasema masomo ya primere ya leta ni ya lazima na ya bure, na tangu septemba 2019 leta ilianza kuitimiza. Njo pale batoto balijaa, batima ikabakia ile ile. Sasa mukikata kwamba kila mutoto alete 5000 na mwalimu aite majina mu klasi, hiyo ni minervale (franga ya kulipia masomo) imevaa jina ingine, direktere wenu anaweza kusimamishwa, na mutoto wa masikini njo atalipa haya. Fanyeni hivi: asamble ya bazazi bote, proseverbali inaandikwa, muzazi anatoa kama anataka na vile anaweza, anapatia komite, si mwalimu, anapewa resi. Mwenye hana franga alete muchanga, ao akuye salongo siku ya posho. Usimufukuze mutoto wa mutu hata siku moja. Ku sekondere ni ingine, gavana anasainaka arete ya mafre kila mwaka, musomeni muone kama kuko kitu ya kutengeneza batima, na musiongeze juu yake. Ile franga ya fonksionema yenye leta inatuma ku masomo ni ya chaki na kartasi, inachelewaka, musiihesabie.

Shiye tulikusanya kidogo sana, ilitosha paka mbao na misumari ya klasi moja. Lakini ile klasi moja njo ilitufungulia milango, juu sasa tulikuwa na foto ya mbele na ya nyuma, na resi zote mu faride. Bale bale benye habakujibu barua ya kwanza balianza kutuita.

Milango yenyewe. Komini kwanza, lakini mujue komini yenu inakula wapi. Kode ya mamine yenye ilisainiwa 9 marsi 2018 inagawa hivi ile kodi ya madini, redevanse: 50% ku gouvernement ya Kinshasa, 25% ku provense, 15% ku komini, sekta ao shefri kwenye mugodi iko, na 10% ya bizazi vyenye vinakuya. Lubumbashi iko na komini 7, na ile 15% haigawiwe sawa sawa, inaenda paka kwenye mugodi iko. Kwenda kuuliza redevanse ku Kamalondo ni kutembeza viatu bure. Kama mwenyewe munaikala karibu na mugodi, kuko tena ile 0,3% ya mauzo ya kompani kila mwaka, yenye inafaa kufanya miradi ya bantu ba pale, na kuko kaie de sharje, mapatano ya miaka 5 kati ya kompani na bantu. Masomo yenu inafaa kuandikwa mule wakati bangali banazungumuza. Ikisha kusainiwa mumechelewa, mungojee ingine. Kwa hiyo ulizeni shefu wa karitie kaie de sharje ya pale kwenu inaisha mwaka gani, na muchague bantu ba kuingia mu mikutano.

Shiye ba komini ya Katuba na ya Kenya, benye hatuna mugodi ku mulango, njia yetu ni ile 25% ya provense. Ile ni bajeti, na bajeti inasomwa ku asamble provinsiale mu sesio yenye inaanza mwisho wa septemba. Dosie yenu ikifika oktoba, imefika ku karamu bantu bamekwisha kunawa mikono. Peleka juni ao julai, ku sudivizio ya masomo (biro ya leta yenye inaangalia masomo) kwanza, bapige kashe, kisha kopi kwa depite wa provense. Depite akitaka kutoa mifuko ya sima mwaka wa uchaguzi, mupokee, murudishe aksize resepsio (kartasi ya kusema mumepokea), musimuandikie jina ku ukuta.

Bantu bataniuliza PDL-145T, ile programe ya leta ya kuendelesha materitware. Hiyo ni ya materitware zote 145, Kipushi, Sakania, Kasenga na bengine, si ya komini za mu mji. Kama muko ku Kipushi, ulizeni. Kama muko ku Ruashi, musipoteze siku.

Na bale basomi ba zamani! Fungueni grupe ya WhatsApp kwa mwaka wa diplome. Batu ba 1988 batatoa juu banakumbuka mwalimu wao, lakini baambie kitu kimoja chenye kinaonekana: «tole 38», si «musaada». Hesabu yenyewe ni hii: klasi ya 8 kwa 6, ukiongeza ukingo na mutelemuko, juu inafika metre kare 70 na kitu. Tole ya metre 3, ukitosha pa kupandana, inafunika karibu 2. Njo inafanya 35, muongeze 3 za kuharibika. Na muandike nambari ya unene wa tole: BG 28 ni nene kuliko BG 32, muuzishaji atawapa 32 kwa bei ya 28 kama mumenyamaza. Beto ya shenaje (ile mukaba ya beto juu ya ukuta), mifuko 7 ya kilo 50 kwa metre kibe moja, na mutu wa komite asimame pale anahesabia, mifuko inatembeaka usiku.

Deviz, muombe pro forma 3 za maduka tofauti, muongeze 10% ya mambo yenye haiyaonekana. Mukijenga klasi mupya, mutie vyoo mu deviz ile ile, juu nyuma yake hakuna mutu atatoa franga ya choo.

Kuchunga franga: konte ya banki, signatire 3. Mwaka wetu wa kwanza iliikala ku telefone ya mutu mumoja, telefone ikaibiwa ku marshe, tukafanya wiki 2 tunaangaliana na macho mabaya mbele ya kurudisha ile nambari. Matumizi muipige ku mulango wa masomo kila mwisho wa mwezi, na bei, na jina la duka.

Kazi ya juu inafanyika julai na ogusti, batoto hawako na mvula haiko. Fundi mumulipe vipande vipande: 30% ya kuanza, 40 sharpanti (mbao ya juu) ikisimama, 20 tole ikiisha. Ile 10 ya mwisho inangojea mvula, na iandikwe mu kontra mbele, si nyuma. Fundi yetu alikasirika sana. Mvula kubwa ilipiga novemba usiku, asubuyi tukaingia na direktere tunaangalia plafo: misumari 14 ilikuwa inapitisha maji, na pahali pamoja ku fetieri (kule juu kwenye tole za pande mbili zinakutana). Alipanda, akatengeneza, ku desemba tukamupatia yake.