Kidonda cha mguu kwenye ziara ya shule: kikague kabla ya kupanda boti

Mimi ni muuguzi, na huwa nasindikiza wanafunzi wanaotoka Kigoma mjini kwenda Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Kisigino kilichochubuliwa na kiatu kipya si jambo la kukutisha ukiwa Mwanga au Ujiji: bajaji zipo, na zahanati haiko mbali. Gombe haina barabara. Unaingia kwa boti na kutoka kwa boti, na ziwa likichafuka mnasubiri. Ndiyo maana nani aende na nani abaki huamuliwa Kibirizi, ufukwe tunaopandia boti, miguu ikiwa bado nchi kavu.

1. Wote wavue viatu na soksi. Usiulize "nani anaumwa mguu?" Hakuna atakayenyoosha mkono, maana kila mmoja anaogopa kuachwa. Wakalishe kivulini, kagua visigino, nyayo na katikati ya vidole. Ngozi nyeupe iliyolainika na kuwasha kati ya vidole ni fangasi: akaushe vizuri, apake krimu ya klotrimazo, abadilishe soksi, aende zake. Kinundu chenye kidoa cheusi pembeni ya ukucha ni funza. Usimchokonoe kwa pini hapo ufukweni.

2. Osha. Mikono yako kwanza. Kisha kidonda, kwa sabuni na maji safi yanayotiririka. Ya ziwani hapana: Tanganyika ni angavu hadi unaona mchanga chini, lakini vimelea vya kichocho havionekani kwa macho. Kausha kwa gozi (shashi ya vidonda), paka iodini, funika. Lengelenge ambalo halijapasuka liache, usaha usikamue. Na tafadhali, ule mtindo wa kufungua kapsuli ya antibiotiki, ile ya "rangi mbili", na kunyunyiza unga kwenye kidonda tuuache. Hautibu, na unafanya daktari ashindwe kuona kilicho chini.

3. Chora mstari. Hatua hii walimu wengi hawaijui, nami naithamini kuliko dawa zote za kwenye kisanduku. Kwa kalamu ya wino, zungushia ukingo wa sehemu iliyovimba, andika saa pembeni. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hujificha, basi usitegemee macho peke yake. Weka mgongo wa kiganja juu ya kidonda, kisha mahali hapohapo kwenye mguu wa pili, ulinganishe joto. Bonyeza taratibu ujue maumivu yanaishia wapi. Rudia kila baada ya saa chache. Uvimbe ukibaki ndani ya mstari, mnaendelea na safari. Ukivuka, hapo hakuna tena mjadala wa "tusubiri kidogo".

4. Maumivu. Mpigie mzazi kwanza, uulize pia kama mtoto ana mzio. Parasetamo ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtoto wa kilo 35 anatosheka na kidonge kimoja cha 500. Pitisha saa 6 kabla ya kingine, visizidi vinne kwa saa 24. Aspirini usimpe mtoto.

5. Asiyepanda boti. Mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi, mwenye mstari wa wekundu unaopanda mguuni, aliyevimba mtoki (tezi za kinenani), asiyeweza kukanyaga. Aliyechomwa na msumari naye abaki, hata kama tundu ni dogo, kwa sababu ya pepopunda. Chanjo yake ikaguliwe. Mwenye seli mundu au kisukari simpimi kwa macho kabisa: mguu ukimuuma au ukiwa na kidonda, anapelekwa kituo cha afya, na huko wataamua kama apelekwe Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa.

Dalili hizo zikijitokeza mkiwa tayari hifadhini, mjulishe askari wa hifadhi saa hiyohiyo, hata kama ni jioni na mtoto anasema amepata nafuu. Boti ya kurudi huhitaji kupangwa, na mpangaji wake anahitaji muda kuliko wewe.