Kubanja kichwa cha mshale kutoka kitako cha chupa: ninavyofanya hapa Mombasa

Mombasa tumekaa juu ya matumbawe. Chimba kidogo tu utakutana na lile jiwe jeupe lenye vitundu, ndilo lililojengea Fort Jesus. Kwa ukuta halina mpinzani, lakini kwa kubanja, yaani kuunda zana kwa kulitoa jiwe magamba membamba, halifai, maana ukiligonga linamomonyoka. Jiwe la kubanja linatakiwa liwe laini ndani kama kioo, ili nguvu ya pigo ipite bila kukwama kwenye chembe wala tundu. Gumegume ni la namna hiyo. Obsidiani pia, kile kioo cheusi cha volkeno cha pande za Naivasha na Eburru. Mimi hapa yote mawili huwa naagizia.

Basi tunaanza na chupa. Kioo chake kinavunjika sawasawa na obsidiani, na ukiharibu vitako kumi hujapoteza kitu.

Vifaa

Mwombe fundi wa umeme kipande cha waya mnene wa shaba, unene wa milimita 4 hivi. Kitoboe kijiti cha mvinje chenye urefu wa shubiri moja na nusu, uingize waya mpaka ukaze, ncha itokeze sentimita 2, kisha uinoe kwa tupa. Kwa fundi viatu tafuta ngozi nene ya kufunika kiganja chote. Kwa fundi wa kuchomelea omba kipande cha jiwe la kusagia chuma lililochakaa. Usilidharau, ndilo kifaa muhimu kuliko vyote. Mwisho, jiwe la mviringo la mtoni linaloenea mkononi.

Miwani ya kinga si hiari. Kibanzi cha kioo kinaruka kwa kasi usiyoweza kukwepa. Kaa nje, upepo ukupige ubavuni, utandike turubai chini. Siku utakapohamia kwenye gumegume au mawe mengine yenye silika, yale madini yaliyomo kwenye mchanga, vaa na barakoa nzuri, kwa sababu vumbi lake likiingia kwenye mapafu linayaharibu na halitoki.

Hatua ya kwanza: kutoa kitako

Chagua chupa yenye kitako kinene, kisichobonyea sana kuelekea ndani. Ifunge kwa gunia, gonga ubavu. Ukuta uliobaki kwenye kitako uondoe kwa kugongagonga taratibu na jiwe la mviringo mpaka ubaki na kisahani. Kitakuwa na makali ya ovyo pembeni. Usihangaike nayo.

Hatua ya pili: kuujua ukingo

Hapa ndipo wengi wanapoharakisha, na hapa ndipo kazi yote ilipo.

Shika kisahani kwa vidole juu ya ngozi, kimelala kiganjani. Ukiukandamiza ukingo kwa ncha ya shaba, gamba litatoka upande wa chini, ule unaoangalia kiganja. Sasa fikiria mstari unaopita katikati ya unene wa kioo, nusu juu na nusu chini. Ncha ikiukuta ukingo chini ya mstari huo, gamba litatoka jembamba na kusafiri mbali. Ikiukuta juu ya mstari, ama utapata kibanzi kifupi kinene ama kioo kitakatika vipande viwili.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kutoa magamba marefu. Ni kuushusha ukingo. Chukua jiwe la kusagia, sugua ukingo kutoka chini kwenda juu, kwa nguvu, mpaka usikie ule mkwaruzo mkavu na uone vibanzi vidogo vikiruka upande wa juu. Ukigusa ukingo kwa kucha usikate tena, bali ukwaruze kama msasa, uko tayari.

Mpwa wangu alianza mwaka huu, na swali lake lilikuwa moja kila Jumamosi: "Mjomba, mbona limevunjika fupi?" Na jibu lilikuwa moja: "Hujasugua." Ukingo mkali ni mwembamba, na ncha ya shaba inapouegemea unapondeka kabla nguvu haijaingia ndani. Ukisuguliwa unapata unene wa kubeba mzigo. Mimi mwenyewe nimewahi kupoteza kipande cha obsidiani cha ukubwa wa kiganja, nilichokuwa nacho tangu asubuhi, kwa kuruka kusugua mara moja tu.

Hatua ya tatu: kukandamiza

Kaa kitako, mikono yote miwili iwe katikati ya mapaja. Weka ncha ya shaba juu ya ukingo uliosuguliwa. Kwanza sukuma kuelekea ndani ya kioo, uelekee katikati yake, ukiongeza nguvu polepole kwa kubana mapaja. Nguvu ikishajaa, ndipo ukunje kifundo cha mkono kidogo kwenda chini. Utasikia "tik" safi.

Funua ngozi uliangalie gamba. Pale ncha iliposhika pana kivimbe kidogo, na kutoka hapo mawimbi yamesambaa kama michanga ya ufuoni maji yanapokupwa. Kwenye kisahani limebaki shimo la mviringo, laini kama ndani ya kombe la chaza. Kingo mbili za shimo hilo zimeinuka, kila moja ni mgongo mdogo. Gamba linalofuata lipange lipite juu ya mgongo mmojawapo, kwa sababu nguvu hufuata mgongo kama maji yanavyofuata mfereji. Sogeza ncha pembeni kidogo, sugua, kandamiza. Endelea hivyo ukingo mzima, kisha geuza upande wa pili.

Ukisukuma chini bila kusukuma ndani, gamba litakatikia njiani na kuacha ngazi. Usiishambulie ngazi kutoka upande uleule, utaiongezea kina. Zunguka uje kutoka ukingo wa ng'ambo, utoe gamba refu litakaloipitia kwa chini.

Hatua ya nne: umbo na shingo

Umbo la pembetatu lenyewe linakuja, ukiwa unatoa zaidi pale unapotaka kupunguza. Shingo ya kufungia uzi iwe ya mwisho kabisa. Noa ncha ya shaba iwe nyembamba, toa kibanzi kimoja kwenye kona ya chini, geuza, toa kingine palepale, geuza tena. Nenda kwa vibanzi vidogo. Mishale mingi hufia hapa.

Ukipata jiwe lenyewe

Kwa bonge la obsidiani au gumegume unaanza kwa jiwe la mtoni badala ya shaba. Bonge lilaze juu ya paja lililofunikwa ngozi. Pembe kati ya uso unaopigia na uso utakaotoa gamba lazima iwe chini ya nyuzi 90. Piga karibu na ukingo, mkono upite moja kwa moja bila kusita. Kusugua ni kulekule.

Usiokote mawe kwenye maeneo ya kale. Kule Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, zimepatikana zana za miaka milioni 3.3. Hapa jirani Kilifi, kwenye pango la Panga ya Saidi, tabaka za udongo zinaonyesha zana zikianza kuwa ndogo yapata miaka 67,000 iliyopita. Kigamba kimoja kikiondolewa mahali pake, habari yake imepotea, na sheria ya urithi ya mwaka 2006 inalinda vitu hivyo.

Kwa sababu hiyohiyo ninaandika mwaka kwenye kila mshale ninaoumaliza, kwa wino usiofutika, asije mtu akauokota akadhani ni wa kale. Turubai nalikunja kwa pembe nne, vibanzi vyote navimimina kwenye kopo la rangi lenye mfuniko, nalikaza, na kuandika juu yake CHUPA kwa herufi kubwa. Wapo watu wanaochambua taka za mtaa huu kwa mikono mitupu.