Sikiliza Nusu, Kisha Shuka

"Mwambie nimekufa."

Mama mmoja aliyasema hayo kwenye simu, ndani ya basi, kiti cha mbele yangu. Hakulia, hakucheka. Alikata simu, akafungua mkoba, akapaka rangi ya mdomo. Nikashuka kituo kilichofuata ingawa sikuwa nimefika, nikatembea nikijiuliza ni nani anayepelekewa msiba ule wa uongo. Hadithi niliyoitoa humo ina kurasa 14, na basi halimo hata kidogo.

Watu huniuliza "mawazo ya hadithi unayatoa wapi?" wakitarajia nitaje mahali. Mahali ni popote. Kazi iko kwenye namna ya kuchukua. Wanaoanza huchukua kingi mno. Wanatafuta kisa kizima, chenye mwanzo na mwisho wake, kisha wanashangaa kalamu ikigoma. Iandike nini, na maisha yameshamaliza kila kitu?

Mwandishi wa riwaya Henry James alilijua hilo. Karibu na Krismasi ya mwaka 1893, mezani, jirani yake aligusia habari za mama na mwanawe wa pekee waliokuwa wakigombania samani za thamani baada ya baba kufariki. Maneno hayo machache yalimtosha. Bibi yule alipoendelea kueleza yaliyotokea hasa, James aliona anaiharibu mbegu ambayo yeye alikwisha kuipata. Riwaya yake ilitoka 1897.

Basi neno likikunasa, ondoka. Usiulize "ikawaje?" Hilo ni swali la mdaku, na mdaku akishajibiwa hulala usingizi mzuri. Wewe unatakiwa ukose usingizi.

Andika palepale. Mimi natumia daftari dogo linaloingia mfukoni. Simu nayo inafaa, ila usijirekodi sauti, hutarudi kuisikiliza. Andika tarehe, maneno kama yalivyotamkwa, na kitendo kimoja. Usifasiri. Ningeandika "mama mwenye uchungu" ningekuwa nimepoteza ile rangi ya mdomo, na hadithi yote ilikuwa hapo. Kila baada ya mwezi napitia na kufuta yasiyoniwasha tena. Katika 20 husalia mawili, pengine matatu.

Yaliyosalia nayauliza swali moja: nani hapaswi kulijua hili? Wengi hufundisha "ingekuwaje kama…", na si vibaya, lakini swali hilo halina breki. Utazua mambo hadi asubuhi bila kupata mtu wa kumfuata. Ukishampata asiyepaswa kujua, umepata mhusika, umepata siri, na unajua hadithi inaelekea wapi: kwenye mlango wake.

Magazeti ni mgodi, hasa zile habari fupi za kurasa za ndani na za mahakamani. Ya zamani ni bora zaidi. Mwandishi wa riwaya Toni Morrison, akiwa bado mhariri, alisaidia kuandaa kitabu cha kumbukumbu za Wamarekani weusi kilichotoka 1974, na humo mlikuwa na habari ya gazeti la 1856 juu ya Margaret Garner, mtumwa aliyetoroka na kumuua binti yake ili asirudishwe utumwani. Riwaya aliyoitoa humo ilichapishwa 1987. Morrison alieleza kwamba hakumchimba sana Margaret wa kweli, kwa sababu alitaka kuyabuni mwenyewe maisha ya mama huyo. Naye alishuka mapema.

Picha za zamani, tiketi iliyosahaulika ndani ya kitabu cha mtumba, ufunguo usiojulikana wa wapi: okota, huhitaji somo.

Jamaa zako ndio wa kuogopa. Niliwahi kumwandika shangazi yangu kama alivyo, nikabadilisha jina tu. Alijitambua kwenye aya ya pili na hakusema nami mwaka mzima. Siku hizi nabadilisha kazi, umri, na zaidi ya yote sababu ya alilofanya. Sababu ikibadilika, mtu naye hubadilika, na mara nyingi huwa wa kuvutia kuliko yule wa nyumbani. (Shangazi asisome hapa.) Aibu zako mwenyewe hazihitaji ruhusa ya mtu. Anza na ile ambayo hujamsimulia yeyote, umpe mtu asiyefanana nawe hata kidogo.

Kuna mistari itakayokaa. Daftarini mwangu upo huu, una miaka miwili: "Kijana, saa nane usiku, amebeba mlango mgongoni, peke yake." Nimeuliza swali langu mara nyingi, sikupata asiyepaswa kujua. Juzi nikausoma tena nikakumbuka jambo ambalo sikuliandika: kitasani mlikuwa na ufunguo, umechomekwa upande wa ndani.