Ukienda konferensi ya web, fanya hivi ili mada zisikupite

Watu wengi wakitoka konferensi za watengeneza tovuti na mifumo ya web wanarudi na stika kwenye laptopu na picha kibao za slaidi kwenye simu, alafu wiki mbili mbele ukimuuliza ni mada gani ilimkaa kichwani anakwambia zote zilikuwa nzuri. Inauma, maana kuna vitu pale vinaweza kubadilisha kabisa unavyofanya kazi.

Kwanza kufika kwenyewe. Siku hizi sio lazima uende Ulaya, DjangoCon Africa (konferensi ya watu wa Django, zana ya kujengea tovuti kwa lugha ya programu ya Python) ya kwanza ilifanyika Zanzibar Novemba 2023 na iliyofuata ikawa Arusha Agosti 2025, yaani mtu wa Dar alipanda boti tu na mtu wa Nairobi akapita Namanga na basi akafika siku hiyohiyo. Kama hela ndo shida, angalia kama wana fomu ya kuomba msaada wa nauli na malazi, konferensi nyingi za watu wa Python na Django wanayo, na uombe mapema bila aibu kwa sababu hiyo hela imetengwa kwa ajili ya watu kama wewe.

Ratiba ikitoka isome huku unaifikiria kazi yako. Kuna ukurasa wa mfumo wenu unachelewa kufunguka? Tafuta mada ya databezi, yaani pale mfumo unapohifadhi taarifa zake. Usijaze kila saa, video nyingi zinawekwa YouTube baadae, ila wale watu waliosimama kwenye korido hawawekwi YouTube. Kuna kanuni moja naipenda sana, Eric Holscher wa Read the Docs (tovuti ya kuweka maelezo ya programu) ndo aliieneza, inaitwa kanuni ya Pac-Man, yule duara wa gemu mwenye mdomo wazi: mkisimama duara mnaongea, acheni nafasi ya mtu mmoja ili mgeni aweze kuingia. Ukiona hiyo nafasi, ingia, salimia, uliza wanajenga nini.

Ndani ya ukumbi acha kupiga picha kila slaidi. Andika vitu vitatu tu kwa kila mada: walikuwa na shida gani, walikuwa kwenye mazingira gani, na suluhisho lao liliwagharimu nini. Hapo kwenye mazingira ndo pa kukazia kabisa, kwa sababu mtoa mada anaweza kuwa anatoka kampuni yenye mainjinia mia mbili na seva kila bara, wewe mko watatu na seva moja ya kukodi na wateja wanaingia kwa bando la siku kwenye simu ndogo, sasa ukibeba suluhisho lake zima zima utaumia na wala hajakudanganya, alikuwa anaongelea kwake. Mtoa mada asiposema gharama, muulize kwenye maswali.

Na usihukumu mada kwa makofi. Ryan Dahl aliitambulisha Node.js, programu yake ya kuendesha JavaScript (lugha ya programu ya kurasa za web) kwenye seva, pale JSConf EU, konferensi ya watu wa JavaScript kule Berlin, mwaka 2009 na watu wakamshangilia kwelikweli, alafu 2018 akarudi konferensi ileile na orodha ya mambo 10 anayoyajutia kuhusu Node.js, likiwemo lile folda la node_modules linalojaa programu za watu wengine unazozitegemea, na hapohapo akaonyesha Deno, mbadala wake mpya. React nayo, zana ya JavaScript ya kujengea kurasa, ilipotangazwa Marekani 2013 ilipokelewa kwa mashaka makubwa, watu hawakuelewa kwa nini HTML, ile lugha ya kupanga ukurasa, ichanganywe na JavaScript, na leo angalia ilipo. Kwa hiyo kwenye noti zako tenganisha nilichosikia na ninachoamini, na hicho cha pili kiandike usiku ukishatulia, kwa maneno yako, Kiswahili au Kiingereza, vyovyote. Mada ambayo huwezi kumuelezea mwenzako kwa sentensi nne bado hujaielewa, iwekee alama uje uirudie kwenye video.

Ukirudi kazini chagua kitu kimoja tu na ukijaribu ndani ya wiki hiyo. Mfano umesikia mada kuhusu Django kuuliza databezi mara nyingi kupita kiasi: weka django-debug-toolbar (inakuonyesha ukurasa unafanya nini nyuma ya pazia) kwenye mashine yako, fungua ule ukurasa mzito, angalia idadi ya maswali yanayoenda kwenye databezi, iandike, alafu ongeza select_related au prefetch_related (amri za Django za kuchukua taarifa zinazohusiana kwa pamoja) panapohusika, hesabu tena. Hapo una namba mbili zako mwenyewe, sio za mtu wa jukwaani, na kama hakuna kilichobadilika hiyo pia ni jibu, maana yake tatizo lenu liko sehemu nyingine.

Hizo namba mtumie mtoa mada pamoja na swali moja, wengi wanafurahi sana kusikia kazi yao imetumika. Wenzako ofisini waonyeshe pia, na konferensi ijayo wakiandikisha watu wa mada fupi za dakika tano, jiandikishe na hicho hicho ulichojaribu.