Kukuza utando wa oksaidi kwenye foili ya alumini kwa betri ya volti 9
Katika maungio ya supakondakta (metali inayopitisha umeme bila ukinzani ikipozwa sana), vipande viwili vya alumini hutenganishwa na utando wa oksaidi wa nanomita 1 hadi 2 tu (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita). Huo huwezi kuutengeneza mezani, ila mwenzake mnene unakuzika kwa vitu vya hapahapa Mwanza.

Boraksi ulizia kwa masonara. Ni ileile ya kuyeyushia dhahabu. Zebaki usipokee hata ukipewa bure: ni sumu, na huitafuna alumini iliyokwanguka. Maji yawe maji ya betri (siyo asidi). Ya bomba yana klorini, ya ziwani yana kila kitu.

Yeyusha boraksi kijiko kimoja cha chai, kama gramu 5, kwenye robo lita ya maji ya uvuguvugu. Kata foili sentimita 2 kwa 8, ioshe kwa sabuni, isuuze, ifute kwa spiriti, kisha usiishike tena eneo litakalozama. Zamisha sentimita 4. Pale usawa wa maji utakapofika, paka kwanza rangi ya kucha, la sivyo umeme utavujia hapo. Kibanio kisiguse maji. Foili iende chanya kupitia rezista ya kilo-omu 1 na mita ya miliampea. Hasi iende kwenye kijiti cha kaboni kilichotolewa kwenye betri kuukuu ya tochi.

Mkondo huanza na miliampea kadhaa, halafu hunywea ndani ya dakika chache. Kila volti hujenga takriban nanomita 1.3, kwa hiyo volti 9 hukomea karibu na 12. Mkondo ukishuka kisha ukapanda, kuna kloridi na foili inatoboka: mwaga, anza upya. Usiposhuka kabisa na foili ikatoa mapovu, umegeuza nyaya.

Foili, utando na maji sasa ni kapasita, kihifadhi cha chaji. Kupima, toa betri na rezista, weka mita kwenye mikrofaradi, waya mwekundu kwenye foili. Ikisoma karibu na 10, umepatia. Ikisoma zaidi sana, utando ni mwembamba.

Sasa jaribu foili mpya kwa volti 1.5. Mita karibu haitikisiki, kwa sababu hewa imekutangulia: alumini iliyokaa wazi tayari ina nanomita 2 hadi 3. Ndiyo maana maabara za maungio ya supakondakta hufanyia kazi ndani ya ombwe: hupaka alumini, huingiza oksijeni safi kwa mgandamizo na muda uliohesabiwa, hupaka alumini ya pili kabla hewa haijaingia. Unene ukizidi nanomita 0.2 tu, ukinzani wa maungio hupanda karibu mara kumi.