Maji mapya ya puli: anza na alkaliniti, klorini itangoja

Majuzi nimemaliza kazi Kikambala na kijana mmoja anayeangalia nyumba. Tajiri wake kajengesha puli mpya, yaani bwawa la kuogelea, imejazwa maji ya kisima, na mimi nafika namkuta ameshika ndoo ya klorini ya unga tayari kumwaga. Nikamwambia weka chini hiyo ndoo kwanza. Naandika yale tuliyofanya manake wengi huku pwani wanaumia palepale.

1. Jua una lita ngapi

Urefu mara upana mara kina cha wastani, kisha mara 1,000. Hii ilikuwa mita 8 kwa 4, upande mmoja kina mita 1 na mwingine mita 2, kwa hivyo wastani ni 1.5, jumla lita 48,000. Iandike kwa maka ukutani kwenye chumba cha pampu.

2. Pima

Zungusha maji siku nzima ndio uchote sampuli, mkono uingie mpaka kiwiko, mbali na tundu linalorudisha maji. Nunua kipimo cha matone. Vile vikaratasi mimi sivitaki kabisa, unyevu wa huku ukiviingia rangi zinakudanganya na utatia dawa ambayo haihitajiki. Sisi tulipata pH (uchachu wa maji, ikishuka maji ni makali) 8, alkaliniti (uwezo wa maji kuishikilia pH isiyumbe) 240, kalsiamu 450, klorini hakuna; namba zote, ukiacha pH, ni miligramu kwa lita. Tunakotaka kufika ni pH 7.2 mpaka 7.6, alkaliniti 80 mpaka 120, kalsiamu 200 mpaka 400.

Usishangae hizo namba kuwa juu hivo. Pwani tumekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji ya kisima yanapita kwenye chokaa tupu. Mtu wa Nairobi anayejaza maji ya mfereji yanayotoka bwawa la Ndakaini shida yake ni kinyume, maji ni laini, yeye ataongeza bikabonati, ile ya kuokea mikate, kama gramu 17 kwa kila lita 1,000 kupandisha alkaliniti kwa 10. Na ni bikabonati, sio magadi, magadi yatamrusha pH juu kabla alkaliniti haijafika.

3. Shusha alkaliniti (hapa ndio kwenye kazi)

Puli yangu ya kwanza ya maji ya kisima niliruka hii hatua. Nilitia klorini ya unga jioni, asubuhi nikakuta maji meupe kama tui, ngazi ya pili huioni. Nikaosha filta, nikatia dawa ya kugandisha uchafu, nikaosha filta tena, siku tatu nzima, na mwenye nyumba ana wageni. Kumbe haukuwa uchafu. Klorini ya unga ina kalsiamu ndani yake na yenyewe inapandisha pH, ukiitia kwenye maji ambayo tayari yamejaa kalsiamu na alkaliniti, chokaa inajitenga na maji na kuelea kama unga. Filta ya mchanga inahangaika nayo sana. Kilichoiondoa ni asidi.

Sasa asidi, naongelea haidrokloriki ya asilimia 32 au 33, kwa puli hii lita 1 inashusha alkaliniti kwa 10 hivi. Kutoka 240 mpaka 120 ni lita 12. Lakini usije ukatia lita 12 siku moja! pH itaanguka vibaya, maji yatakula simenti ya katikati ya taili na shaba kama ipo kwenye mashine. Tulitia lita 2 kwa mara moja, pampu ikiwa inazunguka. Miwani, glavu za mpira, simama upepo uwe mgongoni. Ndooni yatangulie maji alafu ndio asidi, kamwe usianze na asidi ukamwagia maji. Mwaga polepole ukitembea upande wa kina kirefu. Kuna mafundi watakwambia zima pampu umwage yote mahali pamoja ati ndio inashusha alkaliniti bila kugusa pH. Si kweli, inashusha zote mbili, na asidi ni nzito, inalala chini na kula sakafu palepale ilipotua.

Baada ya masaa manne pH ilikuwa 7.2. Hapo unaacha asidi, unageuza jeti, yale matundu yanayorudisha maji, ziangalie juu mpaka uso wa maji uchemke, au unafunga mpira kwenye pampu ndogo urushe maji hewani, na unaacha hivo usiku kucha. Kinachotokea ni kama soda uliyofungua, ile gesi ya kaboni inatoka, na ikitoka pH inapanda yenyewe huku alkaliniti ikibaki chini pale ulipoishusha. Asubuhi pH imerudi karibu 8, alkaliniti 220. Watu wengi wakiona pH imepanda tena wanadhani asidi imeshindwa, wanakata tamaa au wanatia mara mbili. Haijashindwa, ndio inavotakiwa. Tukarudia, siku sita, na mwisho tulipunguza dozi ikawa lita 1 na nusu asubuhi na kidogo jioni, manake alkaliniti ikishuka pH inaanguka haraka zaidi.

Kama puli yako ni ya plasta na sio taili, jua simenti mpya inasukuma pH juu kama mwezi mzima, piga brashi kila siku na upime kila siku.

4. Kalsiamu

Ikizidi hakuna dawa ya kuitoa, ni kupunguza maji na kujaza ya mvua au boza la maji laini. 450 tuliiacha, ila pH isizidi 7.5.

5. Stebilaiza

Kilo 2 kwa puli hii inafika kama 40. Tia kwenye soksi, ining'inize mbele ya jeti, na usioshe filta wiki hiyo. Bila stebilaiza jua la pwani linamaliza klorini kabla ya adhuhuri.

6. Klorini sasa

Kwa maji ya kisima tumia klorini ya maji, ile ya jerikeni, haina kalsiamu. Ya asilimia 10 mpaka 12 inataka kama nusu lita kupandisha klorini ya puli hii kwa 1, sisi tulitia lita 5 jua likishatua. Nunua iliyotengenezwa juzijuzi, ikikaa kwenye joto inapoteza nguvu. Usiiweke kabati moja na asidi, zikikutana inatoka gesi ya kuua, na kijiko cha asidi kisiingie kwenye klorini. Kesho yake usipime pH klorini ikiwa bado juu, tone litageuka zambarau na utadhani pH imepaa. Ngoja klorini ishuke karibu 3, hapo watoto wanaweza kuingia.

Maji yakipungua kwa jua chokaa haiondoki nayo, na kila ukiongeza ya kisima unaongeza nyingine, kwa hivyo alkaliniti ipimwe kila wiki. Jana kijana kanipigia, kapata alkaliniti 120, pH 7.4, na maji ni maangavu mpaka amesimama ukingoni anahesabu skrubu za kifuniko cha tundu la chini kule kwenye mita 2, ziko nne.